Ukitaka Pampu Ndogo ya Ombwe, Pima Mdomo Kwanza

Vijana wanaounda vifaa vya maabara huniuliza swali moja mara kwa mara. "Nimebakiwa na nafasi ya sentimita 15 tu ndani ya boksi. Pampu niliyoizoea haiingii. Nikichukua ndogo, itavuta kweli?" Jibu langu huwakera kidogo, kwa sababu kabla ya kusema ndiyo au hapana nawarudishia maswali mawili. Kuta za chumba chako cha ombwe kwa ndani zina ukubwa gani? Na bomba la kutoka chumbani kwenda kwenye pampu lina upana gani? Wengi hawajapima. Walichonacho ni lita kwa sekunde zilizoandikwa kwenye katalogi, na hizo wamezikariri kama namba ya simu ya nyumbani.

Msimamo wangu ni kwamba pampu ya ombwe la juu haipotezi uwezo kwa sababu ya udogo wake. Huupoteza kwa sababu mbuni ameipunguza pande zote kwa mpigo mmoja, kama anayepunguza picha kwenye simu, ilhali zipo sehemu chache zisizokubali kupunguzwa. Zijue hizo, ziache na ukubwa wake, halafu kwingine kata utakavyo.

Neno "kuvuta" lenyewe ndilo linalotupoteza njia. Ukinywa soda kwa mrija, hewa ya nje ndiyo inayoisukuma soda ipande. Kwenye shinikizo la kawaida molekuli zimesongamana kiasi kwamba moja haimalizi hata sehemu ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na mwenzake, kwa hiyo ukiziondoa hapa, za pale husukumwa zije kujaza pengo. Sasa punguza hewa hadi shinikizo liwe sehemu moja ya milioni ya milibari. Molekuli ile ile husafiri takriban mita 66 bila kukutana na mwenzake. Kama chumba chako kina upana wa sentimita 20, itagonga ukuta huu, itarudi, itagonga ule, na itafanya hivyo mara mia tatu na zaidi kabla ya kugongana na molekuli nyingine. Hakuna wa kuisukuma. Pampu haiwezi kuiita wala kuivuta. Inaweza tu kuingoja.

Wavuvi wa pwani wangeielewa pampu hii haraka kuliko wanafunzi wangu, kwa sababu inafanya kazi ya dema. Dema halimfuati samaki. Limekaa chini ya maji na mdomo wake wazi. Samaki huingia katika kuzurura kwake, na ule mdomo uliosukwa ukielekea ndani ndio unaomfanya ashindwe kurudi alikotoka. Dema lenye tumbo kubwa na mdomo mdogo halijai. Na dema lenye mdomo mpana lisilozuia kurudi halibakishi samaki. Pampu ya ombwe la juu ina kazi hizo mbili tu: kuwa na mdomo mpana wa kutosha ili molekuli zianguke humo, na kuhakikisha nyingi ya zilizoanguka hazitoki tena. Injini, umeme, sumaku na mafuta yote yanatumikia kazi hizo mbili.

Mdomo una hesabu yake, nayo haibishaniki. Hewa ya joto la kawaida la chumbani hupita kwenye tundu la sentimita moja ya mraba kwa lita 11.6 kwa sekunde, basi. Hicho ndicho kiasi cha gesi kinachoangukia hapo chenyewe. Mdomo wa duara wenye kipenyo cha sentimita 4 una eneo la sentimita za mraba 12.6 hivi, kwa hiyo kikomo chake ni lita 146 kwa sekunde, hata kama nyuma ya mdomo huo utaweka mtambo wenye ukubwa wa friji. Muuzaji akikuambia pampu yake ya mdomo wa sentimita 4 inatoa lita 200 za hewa, usimnunulie hata chai. Pampu halisi hunasa sehemu tu ya zinazoingia, mara nyingi chini ya nusu, kwa sababu nyingi hugonga mapanga yanayozunguka ndani ya pampu na kurudi zilikotoka.

Nimewahi kuitwa kuangalia kifaa kilichoundwa kwa uangalifu mkubwa. Pampu ilikuwa ndogo na mpya, ya lita 60 kwa sekunde. Shinikizo lilikuwa limegoma kushuka mahali ambapo mbuni hakulitarajia, na tayari alikuwa ameandika maombi ya fedha za kununua pampu kubwa zaidi. Boksi lilipendeza sana. Ili lipendeze hivyo, pampu ilikuwa imefichwa chini, na bomba la upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 20 likaletwa kutoka chumbani. Tukakaa na karatasi. Bomba la namna hiyo hupitisha takriban lita 31 kwa sekunde. Bomba na pampu vikiwa vimefuatana, uwezo unaofika chumbani ni mdogo kuliko wa kila kimoja: unazidisha 60 kwa 31, unagawa kwa jumla yake, unapata kama lita 20. Theluthi mbili ya pampu aliyoilipia ilikuwa imebaki ndani ya bomba. Pampu ya lita 300 mahali pale pale ingempa lita 28 tu. Tulipoinua pampu na kufupisha bomba hadi sentimita 5, tukapata 33 kwa hesabu. Na kama angeanza na flenji ya sentimita 6.3, bomba likiwa fupi vile vile, angepata 47 kwa pampu ile ile.

Angalia kilichotokea hapo. Kwa bomba refu, upitishaji huenda na kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu na hugawanywa kwa urefu. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, umepoteza mara nane. Ukipunguza urefu kwa nusu, umeongeza mara mbili tu. Kwa hiyo mahali pa kubana si hapa. Bana kwingine kote, lakini kati ya chumba na panga la kwanza acha njia iwe pana, fupi na iliyonyooka. Wavu wa kuzuia skrubu zisidondokee ndani nao unakula sehemu yake; kama hakuna cha kudondoka, uondoe. Na njia bora kuliko zote ni kutokuwa na bomba: chomea kiti cha pampu kwenye ukuta wa chumba chenyewe, au acha rota, yaani sehemu ya pampu inayozunguka, ichungulie ndani ya chumba.

Upande wa pili wa hesabu ni gesi inayotoka chumbani, na hapa ndipo pampu ndogo hushinda au kushindwa. Baada ya hewa ya mwanzo kuondoka, gesi iliyobaki karibu yote hutoka kwenye kuta. Chuma hutoa jasho. Sehemu kubwa ya jasho hilo ni maji yaliyoganda juu ya uso wake wakati chumba kilipokuwa wazi, na sisi wa pwani, ambako shati likianikwa jioni huamka bado bichi, tunapaswa kulijua hili kuliko wenzetu wa bara. Ukuta wa stenlesi uliosafishwa vizuri, ukakaa kwenye ombwe saa kumi hivi, bado unatoa kwa kila sentimita ya mraba kiasi cha sehemu moja ya bilioni ya lita-milibari kila sekunde. Kwa chumba cha lita 10, chenye kuta za sentimita za mraba 2,800 hivi, pampu ya lita 50 itakifikisha kwenye milibari 0.00000006. Hilo ni ombwe zuri la kufanyia kazi.

Sasa acha fundi ashike kuta hizo kwa mikono mitupu baada ya kula chipsi. Jasho likiongezeka mara kumi, ili urudi kwenye shinikizo lile lile unahitaji pampu ya lita 500, yaani mtambo wa kilo nyingi badala ya kile kinachobebeka kwa mkono mmoja. Ndiyo maana nasema jozi ya glavu ni sehemu ya pampu. Sabuni ya kuondoa grisi, maji yasiyo na chumvi, kisha spiriti, kisha kuokwa: kwa pampu ndogo hatua hizi ni mahesabu ya muundo, si usafi wa kupendezesha. Ukioka chumba kwenye nyuzi 150 au zaidi kwa siku moja au mbili, jasho linaweza kushuka mara mia na hata elfu. Hakuna kiwanda kitakachokuuzia pampu iliyo kubwa mara elfu.

Kuna habari njema ndani ya hesabu hii ambayo wabunifu wengi hawaioni. Ukipunguza kila kitu kwa nusu kwa urefu, chumba na pampu kwa pamoja, eneo la kuta linashuka hadi robo, na eneo la mdomo wa pampu linashuka hadi robo. Jasho robo, uwezo robo. Shinikizo la mwisho ni lile lile. Uzito umeshuka hadi sehemu ya nane. Kwa hiyo anayepunguza pampu huku akiacha chumba kikubwa anajitesa bure. Punguza chumba kwanza. Toa ndani yake kila kinachoweza kukaa nje: mabano, nyaya za plastiki, mota, skrubu zenye matundu yasiyopenya, ambazo hufungia hewa kwenye nyuzi zake na kuivujisha taratibu kwa wiki nzima.

Lakini si kila kitu hushuka hadi robo. Oringi ya mpira, kwa mfano, hupenyeza gesi kulingana na urefu wake, na urefu umeshuka kwa nusu tu. Kadiri kifaa kinavyokuwa kidogo, ndivyo oringi zinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya mzigo, mpaka zinakuwa ndizo tatizo lenyewe. Kwenye kifaa kidogo tumia pete za shaba kwenye viungio vikuu na uziachie oringi mlango mmoja unaofunguliwa mara kwa mara. Mvujo wa ufa wa kuchomelea haujui kwamba umepunguza kifaa; unabaki vile vile. Na gesi ya sampuli, kama unaunda spektromita ya masi, inategemea kipimo unachotaka kupata, wala haijali ukubwa wa boksi.

Tuingie sasa ndani ya pampu yenyewe. Nazungumzia zaidi ile ya tabomolekuli, ambayo Willi Becker wa kampuni ya Pfeiffer huko Ujerumani aliitangaza mwaka 1958, kwa kuwa ndiyo inayotumika mno kwenye vifaa vya mezani. Ni safu za mapanga kama ya feni ya dari, moja inazunguka, inayofuata imesimama, na mapanga yake yameinamia upande wa pili. Panga linaipiga molekuli na kuiongezea mwendo kuelekea nyuma. Ili pigo hilo liwe na maana, panga lenyewe lazima liende kwa kasi inayokaribia ya molekuli. Naitrojeni kwenye joto la chumbani hukimbia kwa wastani wa mita 470 kwa sekunde. Ncha ya panga kwenye pampu nzuri huenda mita 300 hadi 400.

Chukua rota ya kipenyo cha sentimita 7 inayozunguka mara 90,000 kwa dakika: ncha zake zinakimbia mita 330 kwa sekunde. Ukiipunguza hadi sentimita 5 na ukaacha mizunguko ile ile, ncha zinashuka hadi mita 236. Inaonekana ni hasara ya kawaida, chini ya theluthi moja. Siyo. Uwezo wa pampu hii wa kuzuia gesi kurudi hupanda kwa kuzidishana, safu juu ya safu, kwa hiyo hasara nayo inazidishana. Pampu iliyokuwa ikigandamiza haidrojeni mara 10,000 itabaki na kama mara 700. Naitrojeni iliyokuwa mara bilioni itabaki na milioni mbili na zaidi. Kwa naitrojeni bado una akiba. Kwa haidrojeni, ambayo hukimbia mita 1,760 kwa sekunde na kulipita panga kama bodaboda inavyolipita lori, umeishiwa. Hii ndiyo sababu pampu ndogo mbovu hujulikana kwanza kwa haidrojeni na heli. Ukiwa unaunda kifaa cha kutafutia mivujo kwa heli, usiridhike na namba ya naitrojeni kwenye katalogi.

Dawa ni kuongeza mizunguko. Rota ya sentimita 5 inahitaji mizunguko kama 126,000 kwa dakika ili ncha zirudi kwenye mita 330. Watu huogopa wakisikia hivyo, wakidhani rota itapasuka. Mkazo unaoipasua rota unafuata kasi ya ncha na uzito wa metali, wala hautegemei ukubwa. Aloi ya alumini iliyovumilia mita 330 kwa kipenyo cha sentimita 7 itavumilia mita 330 kwa sentimita 5. Kwa hiyo usipunguze kasi ya ncha kwa woga. Kinachostahili kuogopwa ni mizani ya rota. Kwenye ukingo wa ile rota ya kwanza, kila kitu kinavutwa nje kwa nguvu zaidi ya mara 300,000 ya uzito wake. Tone la gundi la miligramu moja linavuta kama mzigo wa theluthi ya kilo. Anayepanga kutengeneza rota yake mwenyewe kwenye karakana bila mashine ya kusawazisha namshauri aache, anunue rota iliyokamilika, na ubunifu wake autumie kwenye vinavyoizunguka.

Kitovu ndicho kinachosahauliwa zaidi. Katikati ya rota kuna mhimili, beringi na mota, na vitu hivi havipendi kupungua. Rota ya sentimita 7 yenye kitovu cha sentimita 3.5 ina eneo la mapanga la sentimita za mraba 29 hivi. Ukiishusha hadi sentimita 5 na kitovu kikabaki kilekile, eneo linabaki 10 tu. Ulitegemea kubaki na nusu ya uwezo, umebaki na theluthi. Watengenezaji wazuri hukwepa hili kwa kusogeza mota na beringi chini, mbali na mdomo, na kuifanya safu ya kwanza ya mapanga iwe na kitovu chembamba na mapanga marefu, halafu kitovu kinanenepa kadiri gesi inavyoshuka na kubanwa. Safu za juu mapanga yake husimama wima zaidi ili mdomo uwe wazi. Za chini hulala ili zizuie kurudi. Ukiona mchoro wa pampu ndogo ambao safu zote zinafanana, mbuni wake amekopi tu.

Halafu kuna nafasi kati ya kinachozunguka na kilichosimama. Hii haishuki kwa mapenzi yako, kwani inawekwa na ubora wa mashine yako ya kukereza, kutanuka kwa rota ikipata moto, na mtikisiko wa beringi. Mwanya wa sehemu mbili za kumi za milimita kwenye mfereji wenye kina cha milimita 3 ni kitu kidogo. Kwenye mfereji wa milimita 1, ni mlango wa kurudia. Hapa sina ujanja wa kukupa zaidi ya kulipa: ukitaka pampu ndogo, bajeti ya usahihi wa kukereza lazima ipande wakati bajeti ya malighafi inashuka. Nimeona watu wakitarajia pampu ndogo iwe rahisi kwa sababu ina chuma kidogo. Saa ya mkononi nayo ina chuma kidogo kuliko ya ukutani.

Nilitaja mfereji. Chini ya safu za mapanga, pampu nyingi ndogo za siku hizi zina hatua ya pili: ngoma laini inayozunguka ndani ya mifereji iliyochongwa kama nyuzi za skrubu. Wazo la kuburuta molekuli kwa uso unaokimbia ni la Wolfgang Gaede, Mjerumani aliyelichapisha mwaka 1913, na umbo la ngoma ni la Mfaransa Fernand Holweck wa miaka ya 1920. Hatua hii haiongezi hata lita moja mdomoni. Faida yake iko kwa nyuma. Pampu ya mapanga peke yake huhitaji pampu saidizi iishushe hewa ya nyuma hadi sehemu ndogo ya milibari, na pampu saidizi ya namna hiyo kwa kawaida ni ya mafuta, nzito, ya kukaa chini ya meza. Ukiongeza ngoma ya Holweck, mtambo unakubali kutoa gesi kwenye milibari kadhaa, hata kumi na zaidi kwa baadhi. Hapo pampu kavu ya kiwambo, inayofanya kazi kwa utando wa mpira unaopanda na kushuka, inatosha, nayo hubebwa kwa mkono mmoja. Ukitaka mfumo mdogo, usitazame pampu kuu peke yake. Uzito mwingi mara nyingi umelala chini ya meza.

Mfano mzuri kuliko yote wa jambo hili hauko duniani. Gari la Curiosity lilitua kwenye kreta ya Gale huko Mirihi Agosti 2012 likiwa na maabara ya kilo 40 iitwayo SAM, yenye spektromita ya masi ndani yake. Maabara hiyo inahudumiwa na pampu mbili ndogo zilizotengenezwa na kampuni ya Creare ya New Hampshire, Marekani. Zina mapanga juu na hatua ya kuburuta chini kwenye rota moja, na zinazunguka kiasi cha mara 100,000 kwa dakika. Pampu saidizi hazina. Zinatoa gesi moja kwa moja kwenye hewa ya Mirihi, ambayo shinikizo lake ni milibari chache tu, karibu na lile ambalo pampu ya kiwambo hukutengenezea hapa kwetu. Wabunifu waliitazama sayari yenyewe wakaiona kuwa ni pampu saidizi ya bure. Vyombo vya Viking vilivyotua huko mwaka 1976 vilikuwa vimetumia pampu ya ioni, isiyo na kinachozunguka. Kila kundi la wabunifu liliipunguza pampu yake kwa kujua ni gesi gani inaingia, kiasi gani, na inatokea wapi.

Hizo pampu zisizozunguka zinastahili neno, kwa kuwa kwa udogo hakuna anayezishinda. Pampu ya kunasa ni vidonge vya aloi ya zirkoni na wenzake ambavyo vikishapashwa moto mara moja hula haidrojeni, oksijeni, naitrojeni na mvuke wa maji kimyakimya, bila umeme. Kidude kinachoenea kiganjani kinaweza kula haidrojeni lita 100 kwa sekunde. Lakini havigusi agoni wala heli, na hewa ina karibu asilimia moja ya agoni. Ukiwa na mvujo mdogo, agoni itajikusanya mpaka ikutoe nje ya mchezo. Ndiyo maana huunganishwa na pampu ndogo ya ioni ya kushughulikia mabaki hayo. Kwa chumba kilichofungwa, kikaokwa, na kisichopokea sampuli, huu ndio muungano ninaoupendekeza bila kusita. Kwa kifaa kinachofunguliwa kila wiki au kinachoingiza gesi mfululizo, achana nao: vidonge hushiba, na kila ukivifungulia hewa vinachoka zaidi.

Kama unafikiria vidude vya ukubwa wa sarafu vinavyochongwa kwenye silikoni, vipo, na vyuo kama Michigan na MIT vimevifanyia kazi kwa miaka. Mimi nisingekushauri uunde kifaa chako cha mwaka huu kwa kuvitegemea. Mdomo wake ni sehemu ya milimita, na sheria ya lita 11.6 kwa sentimita ya mraba inavihusu navyo. Vinafaa kuhudumia vyumba vidogo kama vyenyewe.

Limebaki joto. Mota ndogo yenye kazi ile ile ina ngozi ndogo ya kupozea, na rota iliyo ndani ya ombwe haina hewa ya kuipunguza moto. Inapoa kwa mng'ao tu na kidogo kupitia beringi. Pampu iliyopimwa kiwandani kwenye chumba cha nyuzi 20 itakuwa na maisha mengine kwenye chumba cha Tanga cha nyuzi 32 chenye kiyoyozi kilichokufa. Usiifungie ndani ya boksi bila feni. Panga hewa iingie chini na itoke juu, na uweke kipimajoto kwenye mwili wa pampu, si kwenye boksi. Tazama pia mkondo wa umeme unaotumiwa na mota. Ukipanda wakati mzigo wa gesi haujabadilika, kiwambo cha pampu saidizi kinachoka au beringi inakauka, na utakuwa umejua wiki kadhaa kabla ya sauti kukuambia. Beringi za gololi za chuma huhitaji mafuta machache sana, ila huyahitaji kweli. Za sumaku hazihitaji, lakini zina elektroniki ya kuongeza ukubwa na bei.

Na umeme ukikatika? Rota inaendelea kuzunguka dakika kadhaa kwa mwendo wake, pampu saidizi imesimama, na chumba bado ni ombwe. Hewa yenye unyevu, na mafuta kama pampu saidizi ni ya mafuta, huanza kurudi taratibu kupitia pampu hadi kwenye kuta ulizozisafisha kwa siku tatu. Chumba kikubwa huvumilia tukio kama hilo. Kidogo huhitaji kuokwa upya. Weka vali inayojifunga upande wa nyuma umeme unapokatika, na vali ya pili inayoingiza naitrojeni kavu, au hewa iliyopita kwenye silika jeli, rota inaposhuka hadi karibu nusu ya mizunguko yake. Vali hizi mbili huwa za kwanza kufutwa kwenye orodha bajeti inapobana. Tafadhali futa kingine.